Kichwa cha Mama Majini

Jumapili saa kumi alasiri nilimwona mama akiogelea peke yake huko Tudor, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni. Alikuwa amepooza upande mmoja, na daktari akasema mazoezi yake yawe ya majini. Shangazi alimlaza chali baharini, akamshika kisogo, huku akiukunja na kuunyoosha ule mkono mzito. Dera lilivimba, mwani ukinuka. Mama alikuwa kafumba macho. Nami nilishawahi kumchungulia bibi akioshwa vivyo hivyo kabla ya kuzikwa.

Nikapiga ukelele, "Shangazi, usimwoshe! Mama yu hai!"

"Nani kakwambia kafa?"

Mama akafumbua macho. "Ni hai, mwanangu. Njoo unishike."

Niliogopa, sikwenda. Asubuhi yake niliingia majini hadi kifuani, nikampokea shangazi kichwa cha mama.