Nafasi ya Baba Kwenye Wimbo

Baba yangu alituachia wazee wanne wasiotaka kuimba maneno. Nasema hivi kwa hasira na sijutii.

Walikuwa watano, wote wa hapa Tunduma. Ujanani baba alirudi kutoka migodini Zambia na sahani za santuri za du-wop, ule muziki wa Wamarekani Weusi usiohitaji hata gitaa: mmoja anaimba maneno, wengine wanamfuata kwa du-wa, du-wa, na mwenye besi anapiga bum-bum kwa kinywa. Wakautilia maneno yao ya Kinamwanga na Kiswahili, wakaimba harusini kuanzia Mpemba hadi Vwawa. Mwimbaji wa mbele alikuwa baba.

Alipofariki mwaka juzi, wenzake hawakuacha kuimba. Afadhali wangeacha. Walisimama nusu duara vilevile, wakaacha pengo la upana wa mtu katikati, wakaimba du-wa zao tu. Maneno ya baba yakifika, hakuna anayeyaimba. Wageni wanatazamana, vijana wanachekea kwenye simu. Niliwaambia maneno yote ninayo, nimeyasikia tangu nabebwa mgongoni. Mwenye besi, ambaye namwita baba mkubwa, akanijibu taratibu, "Mama, ile nafasi ina mwenyewe." Mwenyewe tumemzika, nilitaka kumwambia.

Kisha ikaja harusi ya mdogo wangu wa kiume. Baba alikuwa amemwahidi kumwimbia wimbo aliouimba siku alipomwoa mama, na mdogo wangu hakuomba kitu kingine. Nilikwenda kwa baba mkubwa mara tatu. Ya kwanza alinipa chai, ya pili mahindi ya kuchoma, ya tatu alijifanya amelala. Mtu mzima na mvi zake, anakoroma kwa besi.

Siku yenyewe, ukumbini Vwawa, wakaanza. Bum-bum, du-wa. Zamu ya maneno ya baba ikafika. Mdogo wangu akainamisha kichwa, na bibi harusi, ambaye hakuwahi kumsikia baba, akamtazama asijue la kufanya. Uvumilivu ukaniishia. Nikavua viatu, maana vilikuwa vinanibana tangu kanisani, nikapita kati ya meza, nikasimama penye pengo, nikaimba.

Hawakukosea hata kidogo. Walipunguza sauti nilipopanda, wakanizungushia du-wa niliposahau mstari, mpaka nikaukumbuka. Mdogo wangu alikuwa analia huku anacheka. Nikajua nimeshinda. Miaka miwili ya ukaidi, kumbe dawa ilikuwa kwenda kusimama tu.

Vigelegele vikiwa bado vinaendelea, nikamgeukia baba mkubwa, nimkomoe kidogo. "Umeona? Kulikuwa na ugumu gani?"

Alikuwa anahangaika kufunga kifungo cha koti.

"Umeimba vizuri, mama," akasema. "Sasa mwenyewe amekufa."