Eti Haikuwapo

Juzi, nje ya ofisi ya parokia, nilimsikia mwanamke akimlalamikia dadake, "Eti ndoa yangu haikuwapo!" huku mwanawe ameketi papo hapo, anasikiliza. Damu ilinichemka.

Nami niliyasikia maneno hayo nikiwa mdogo, kwetu Dabaso. Mahakama ilikuwa imeshawapa wazazi wangu talaka, lakini baba alitaka kuoa tena kanisani, ambako talaka haitambuliwi, basi padri akaja kumhoji mama ili ndoa yao ibatilishwe. Matope ya mikoko yalikuwa yakinuka, na mama alikuwa ameketi kwenye mbuzi akikuna nazi.

"Ndoa ikibatilishwa," padri alieleza taratibu, "maana yake haikuwapo tangu mwanzo."

Mkwaruzo wa nazi ulikoma. Nilidhani basi hata mimi sikuwapo, nikajishika mikono kuhakikisha.

"Haikuwapo?" mama alisema. "Padri, si wewe uliyetufungisha? Haya, mwambie mtoto huyu alitoka wapi."

Leo najua kwamba kwa sheria ya kanisa, mtoto wa ndoa iliyobatilishwa hubaki mtoto halali. Padri alikuwa akiijua sheria hiyo hata siku ile, nami nilikuwa mbele yake, nikingoja. Aliniangalia, akaomba maji ya kunywa.

Mama hakuinuka.