Kodi ya Kidole Kimoja

Siku niliyokwenda kuomba kazi Mkuu wa bendi alinigeuzia mgongo. Si kwa hasira. Alikuwa na gitaa kifuani na hakutaka nione vidole vyake. Ilikuwa miaka ya tisini, ukumbini Shanwe, hapa Mpanda mjini, viti bado vimepinduliwa juu ya meza. Akapiga nyuzi mara moja.

"Nini hiyo?"

"Re maina, Mkuu."

"Na hii?"

"Ni re maina bado, ila umeiongezea ya saba."

"Nani kakufundisha?"

"Kwaya, Mkuu. Kule Magamba."

"Haya, mwanakwaya, umepata kazi. Dhambi utaenda kuungama mwenyewe."

Nilicheka njia nzima kwenda nyumbani. Nilikuwa na darasa la saba na kichwa kimejaa ndoto. Nilijiona tayari nimefika Dar es Salaam, redio zote zinanipiga mimi.

Vijana wangu, kodi ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja, na kila kodi ina mzizi, ile sauti ambayo nyingine zote zinahesabiwa kutoka kwake. Ukianza na do, mi ni ya tatu na sol ni ya tano. Hizo tatu ni do meja, yenye furaha, na hata mtoto wa shule anaijua; maina ndiyo yenye huzuni. Ukiongeza nyingine, unaendelea kuhesabu, na hesabu ndiyo inayokupa jina. Bendi yetu iliishi kwa majina hayo. Mkuu, ambaye zamani alipiga tarumbeta jeshini, alitupigia kelele jina katikati ya wimbo na sisi tukageuka wote kama askari. Alikuwa na sheria moja: kodi isiyo na jina haipigwi.

Sheria hiyo ilitushinda alipokuja Shija. Alikuwa kijana wa Kisukuma, mpole. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka kaskazini na kukaa Majimoto. Alipokelewa kupiga gitaa la pili. Siku moja kwenye mazoezi akasema ana wimbo. Akaweka kidole kimoja tu, kwenye uzi wa pili kutoka chini, karibu kabisa na kichwa cha gitaa. Nyuzi nyingine akaziacha wazi, akazipiga zote.

"Hiyo ni kodi au umechoka?" Mkuu akauliza, na tukaangua kicheko.

Shija naye akacheka kidogo. Akaeleza kwamba ni wimbo wa mama yake, aliouimba njiani walipohama na ng'ombe. Una sauti tano tu, basi yeye alitafuta mahali ambapo zote tano zinalia kwa pamoja. Alitaka tuupige Majimoto siku ya mnada, mama yake ausikie. Hakuwa na ombi lingine.

"Jina lake?" Mkuu akaniuliza mimi, kwani sikio langu ndilo alilolitegemea.

Nikahesabu. Mi, la, re, sol, na kile kidole kinaigeuza sauti ya si kuwa do. Nikamwambia Tito, mpiga besi, aniwekee do chini. Kodi ikang'aa: do meja yenye ya sita na ya tisa. Nikamwambia aweke la. Palepale ikahuzunika: la maina yenye saba na kumi na moja. Akaweka re, ikawa inaning'inia, haina ya tatu, ya nne imekalia kiti chake. Akaweka sol, ikaning'inia vilevile kwa upande mwingine. Ya mi ilituchanganya, tukaiacha. Nikapiga kofi kwa furaha. Sauti ni zilezile, Shija hajasogeza kidole, na majina yamekuwa manne!

"Sasa mzizi ni upi?" Mkuu akasema. "Shija, mama yako chini anaweka nini?"

"Chini hakuna kitu, Mkuu. Kwetu ule wimbo hauna wa chini."

"Mkuu," nikasema, "basi hapo Tito anyamaze. Auache upite juu juu."

"Tito anyamaze? Nimemleta kupiga besi au kulinda spika? Chagueni."

Nilirudia neno hilo kesho yake, na keshokutwa. Mkuu akaniambia nirudi kwaya kama nataka ukimya. Shija akasema taratibu, "Basi kaka, wekeni do. Ili mradi upigwe." Na ukawa do sita tisa, Tito anatembea chini kwa raha zake.

Tulifika Majimoto kwa lori wakati wa mavuno ya mpunga, siku ya mnada, jua likiwa kali. Watu walicheza mpaka vumbi likatuziba koo. Wapimbwe, Wasukuma, wachungaji na fimbo zao, wote. Mkuu alikuwa anatabasamu meno yote. Mimi nilikuwa namtazama mama mmoja aliyesimama karibu na spika, khanga kichwani, anapiga makofi kwa adabu kama mgeni.

Tulipomaliza akamfuata mwanaye.

"Mmepiga vizuri, baba. Ule wa mwisho ni wa nani?"

Shija akageukia gitaa lake. Nikamjibu mimi, "Ni wako, mama."

"Wangu?" Akacheka, akatushika mikono. "Wangu haukanyagi chini hivyo, wanangu. Wangu unaenda tu. Njooni kivulini niwaimbie."

Lori likapiga honi. Mkuu akaita kutoka mbele, "Nyie, twende! Kesho tuna kazi mjini!" Mama akasema hakuna shida, mtarudi mavuno mengine, wimbo hauozi.

Hatukurudi. Kabla ya mavuno mengine mwenye ukumbi alileta kanda na spika kubwa, bendi ikavunjwa. Baada ya muda tukasikia mama yule amefariki. Shija alichukua ng'ombe wa familia akahama nao kutafuta malisho, na sijaonana naye tena. Mimi nilirudi kwaya kweli, nikafundisha mpaka vidole vikakakamaa na Padre akanipumzisha kwa heshima, kwa keki na shuka la zawadi.

Siku hizi vijana wenzenu wananijia na simu zinazotaja jina la kodi ukizisogezea gitaa. Ni kitu kizuri, sina wivu. Nawaambia tu wamuulize kwanza mwenye wimbo, na wakae wasikilize mpaka amalize, hata kama wanaitwa.

Zile sauti tano nazijua, na majina yake yote manne naweza kuyataja usingizini. Ila wimbo wenyewe, kama mama yule alivyouimba, sikuusikia. Tulikuwa tumeshapanda lori.