Simbilisi wa Madamu

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nilivuka mipaka minne kabla meno ya utoto hayajaniisha mdomoni, nimelala chini ya meza za watu, na leo nina saluni tatu, duka la simu kule Point karibu na bandari ya Durban, na gari ambalo vijana wa kulinda magari wanaligombania nikifika tu. Yote hayo kwa darasa la tano, tena darasa la tano lenyewe sikulimaliza. Kwa hiyo mtu akija mbio na habari zake huwa namwambia, sema taratibu ndugu yangu, mimi nimeshaona.

Lakini mwezi uliopita nilipeleka gari kuoshwa Umbilo Road, na jirani ya wale waoshaji iko duka moja la vyakula vya wanyama. Kijana wa duka akachana mfuko wa nyasi kavu kwa kisu. Harufu ile ikatoka, tamu, ya vumbi, yenye jua ndani yake. Nikashika mlango wa duka kama mzee. Kijana akaniuliza kama ninafuga. Nikamwambia hapana, nilifuga zamani. Mmoja tu.

Wacha niwaambie ninyi, maana mke wangu sijamwambia.

Tulifika Durban mimi na Mama mwishoni mwa miaka ile ya tisini. Baba alikuwa amebaki njiani, na katika familia yetu ukisema mtu amebaki njiani hakuna anayeuliza zaidi. Tulianzia Point, katika nyumba ya ghorofa ambako watu kumi na mmoja tuligawana chumba kwa mapazia. Ukikohoa, pazia la jirani linacheza. Kisha Mama akapata kazi mtaa wa Umbilo kwa mwanamke mmoja mzungu, mjane, mwenye magoti mabovu na nyumba kubwa kuliko haja yake. Mama alimwita Madamu, nami nikamwita hivyohivyo. Uani kwake kulikuwa na chumba cha mfanyakazi. Madamu akatupa kile chumba kwa nusu ya kodi, nusu nyingine Mama alilipa kwa mikono yake: kufagia, kufua, kumwagilia mimea.

Hamwezi kujua chumba kile kilikuwa nini kwetu. Kilikuwa na mlango wenye ufunguo. Usiku wa kwanza Mama alifunga, akafungua, akafunga tena, akacheka peke yake.

Na ile veranda ya Madamu! Ilikuwa na vioo pande tatu, na ndani yake vyungu vimepangwa kama watu kanisani. Kulikuwa na mimea ya majani marefu yaliyoning'inia kama mkia wa jogoo, mingine yenye majani ya manyoya na maua madogo ya zambarau, na mmoja mkubwa wenye majani yaliyotoboka matundu, ambao Mama alidhani unaliwa na wadudu, akawatafuta wadudu hao wiki nzima. Tulihamia kwake mwezi wa nne. Watu wa Umbilo wanasema ndiyo majira ya majani kuanguka, ingawa Durban majani hayaanguki kwa bidii. Kinachobadilika ni hewa. Jasho linakauka, jua linalala upande, linaingia veranda mpaka ukutani, na usiku maparachichi yanadondoka juu ya bati, pu, mtu anaruka kitandani. Asubuhi Mama alikuwa akimwagilia huku akiongea na vyungu kwa Kimashi, lugha yetu ya nyumbani, anaviuliza kama vimelala vizuri. Mimi nilikaa sakafuni penye jua, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, nikijiona tajiri.

Katika kona ya veranda kulikuwa na sanduku lenye wavu, limetandikwa nyasi kavu, na ndani yake simbilisi mmoja. Asiyemjua: ni mnyama mdogo asiye na mkia, mnene kama kiatu cha mtu mzima, anapiga mluzi akisikia kisu kikikata mboga. Nilimfahamu papo hapo. Kwetu Bukavu, nyumbani kwa bibi yangu, walikuwa ishirini au zaidi wakikimbia chini jikoni, kati ya mafiga na miguu yetu. Simbilisi ni kazi ya watoto. Mtoto anawakatia majani, anawahesabu, anajivunia. Na nyama yake si ya kila mtu. Anachinjiwa mtoto aliyedhoofika, mama aliyejifungua, mgonjwa aliyeinuka kitandani. Ukitoka hospitali kwetu usipopewa mchuzi wa simbilisi, jua kwamba watu wako hawakupendi.

Huyu wa Madamu alikuwa rangi ya kahawia na nyeupe, na alikuwa na jina. Jioni Madamu alimweka mapajani, akampapasa kuanzia masikioni. Nililiona hilo. Nasema tangu sasa ili msije mkanitetea. Niliona, nikajiambia kwamba hata bibi alikuwa anawapapasa wa kwake, akitafuta aliyenenepa.

Sasa, jambo la Kiingereza. Mama alikuwa na Kimashi, Kiswahili, na Kifaransa cha sokoni. Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Mimi nilikuwa nimeshika shule miezi saba, nikamwambia kwamba nimekimaliza. Ndivyo nilivyosema, nimekimaliza, kama mtu aliyemaliza sahani ya wali. Ukweli nilikuwa na maneno arobaini, labda hamsini ukihesabu matusi. Lakini nilikuwa mdomo wa Mama. Dukani, kliniki, kwenye ofisi ya karatasi zetu za ukimbizi, alinisukuma mbele kwa kidole mgongoni, akiuliza, "Iko nasema nini?" Na mimi nilijibu siku zote. Sikuwahi hata mara moja kusema sijui. Pale nilipokosa, nilijaza.

Mwezi wa tano ulipoanza, Madamu akaenda kupasuliwa goti. Mtoto wa kaka yake, mwanamume mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuja kumchukua kwa gari. Kabla ya kuondoka Madamu alitusimamisha verandani, akaongea sana. Alionyesha vyungu, kimoja kimoja. Alionyesha mfuko wa nyasi. Akaonyesha sanduku, akainama kwa shida, akamgusa simbilisi pua, akaongea tena muda mrefu, sauti imeshuka. Nilishika "chakula", nikashika "maji", nikashika "nitakaporudi". Mengine yalinipita kama basi lililojaa.

Kidole cha Mama kikafika mgongoni. "Iko nasema nini juu ya ile nyama?"

Nikamtazama Madamu, nikamtazama simbilisi. Nikasema, "Anasema nimulishe muzuri, anenepe, juu akirudi kutoka hospitali atamukula."

Mama akafurahi mpaka akamshika Madamu mikono yote miwili. "Kumbe nabo wanajua!" akaniambia. "Wazungu nabo wanajua mambo ya mugonjwa!"

Madamu naye akafurahi, akidhani ameeleweka.

Wiki tatu nilifanya kazi ile kama ambavyo sijafanya kazi nyingine tena, na mimi ni mtu wa kazi, muulizeni yeyote Point. Nilikata majani kando ya reli, nikaleta maganda ya karoti, nikabadilisha nyasi kila siku ya pili. Akanizoea. Nikifungua mlango wa veranda alianza mluzi kabla hajaniona. Zilikuwa wiki nzuri kuliko zote za utoto wangu, naziandika hivyo bila aibu: jua la ubavuni, udongo uliolowa, Mama akiimba na vyungu, na yule mnyama akitafuna jani kutoka ncha mpaka mkononi mwangu.

Siku Madamu aliporudi, Mama aliamka mapema. Hakunishirikisha kuchinja, kwa kuwa alijua nimempenda. Alimchoma manyoya, akamkata, akampika kwa nyanya, kitunguu na seleri, moto mdogo, kama alivyofunzwa na mama yake. Akafunika meza ya veranda kwa kitambaa chake kimoja kizuri. Madamu aliingia na magongo mawili, mweupe kama karatasi, amekonda. Alipoona meza akaweka mkono kifuani. Akaketi. Akala. Alikula vipande viwili na mchuzi wote, akauliza jambo, nikasikia "kuku".

"Iko nasema nini?"

"Anasema ni tamu."

Na kwa Madamu nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, kuku.

Baada ya kula akajifuta, akageuka kwenye kiti chake, akapiga mluzi kuelekea kona. Kisha akaita jina. Aliita mara tatu, kila mara kwa upole zaidi. Akasimama kwa magongo yake, akaenda kona ile, tok, tok, akachungulia sanduku. Nilikuwa nimelisafisha vizuri, nyasi mpya. Akanitazama. Akaitazama sufuria.

"Iko nasema nini?" Mama akauliza. "Sema, mutoto. Iko nasema nini?"

Madamu hakuwa amesema kitu. Nami kwa mara ya kwanza sikuwa na cha kujaza. Mama akaangalia uso wangu muda mrefu, kisha uso wa Madamu, na mbele ya macho yangu akaelewa yote, hata yale maneno arobaini. Akasimama. Akajipiga kifua. "Mimi," akasema kwa Kiswahili, akaionyesha sufuria, akajipiga tena kifua. "Mimi. Mutoto hapana."

Madamu alikwenda bafuni, tukasikia maji yakimwagika, na sauti nyingine chini ya maji.

Kesho yake mtu wa funguo alileta barua. Nikanyoosha mkono kuipokea, kama kawaida. Mama akaikunja, akaiweka kifuani, akapanda taxi mpaka Point kumtafuta Mrundi mmoja aliyekuwa mlinzi wa duka, amsomee. Tulipewa mpaka mwisho wa mwezi tuwe tumehama. Siku zote zilizobaki Mama aliendelea kumwagilia vile vyungu asubuhi, maana hakuna aliyemwambia aache. Madamu alimfungulia mlango bila salamu, akasimama na magongo yake akiangalia mpaka amalize. Veranda ilinuka udongo na haikuwa na mluzi.

Tukarudi kwenye mapazia. Mama hakunipiga. Hakunisema. Nilingojea siku ya kipigo mpaka nikachoka, nikahesabu kwamba nimesamehewa. Kliniki alikuwa akienda na binti wa jirani. Ofisi ya karatasi, alimlipa yule Mrundi chakula cha mchana. Nilidhani ananihurumia, ananiacha nipumzike na niende zangu kuuza peremende kwenye robot, yaani taa za barabarani, ambako ndiko mimi nilikojijenga. Nilidhani hivyo miaka ishirini na zaidi. Nikajifunza Kiingereza cha kweli, Kizulu juu yake, nikasaini mikataba na watu wenye tai. Mama akiwa na shida ya karatasi alimpigia simu mtu wa kanisani.

Mwaka jana tumbo lilimwangusha. Nikamweka hospitali ya kulipia, chumba chake peke yake, dirisha linaangalia bandari. Daktari akaniita kwanza kwenye ukumbi, akaniambia. Sitaandika jina la ugonjwa. Nikatembea kurudi chumbani nikiwa nimeshapanga: nitamwambia ni vidonda vya tumbo, atumie dawa, apumzike. Daktari akaingia nyuma yangu, akakaa, akafungua mdomo.

Mama akainua mkono. "Mutafute mutu wa kutafsiri."

"Mama, mimi si niko hapa? Mtoto wako nazungumza Kiingereza kuliko huyu daktari mwenyewe."

"Najua," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na alinishika shavu kama mtoto. "Lakini wewe utaniambia vile unapenda. Na hii ni yangu."

Eish. Nikapiga simu. Akaja dada mmoja wa Lubumbashi, miwani, daftari, kijana kuliko mimi. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa changu karibu na kitanda, mimi nikahamia dirishani. Alimwambia Mama kila kitu, neno kwa neno, hakujaza popote. Mama akauliza ni miezi mingapi, dada akauliza, daktari akajibu, dada akasema. Mama akamshukuru, akamuuliza na yeye amezaliwa mtaa gani. Ilichukua saa moja na robo. Mlangoni yule dada akanipa bili yake, nami nikatoa pochi: randi 1 850.