Matete na Migomba

Nyuma ya mabweni ya chuo kimoja, nje kidogo ya mji wa Mtwara, lipo bwawa la kokoto lililopandwa matete. Majitaka huingia upande mmoja, yakapita taratibu kwenye mizizi, yakatokea upande wa pili kuelekea mikokoni. Kazi yangu ilikuwa kuchota chupa moja yanapoingia na nyingine yanapotoka, nikapime maabara naitrojeni na fosfeti, virutubisho vinavyokuja na majitaka, zimepungua kiasi gani.

Mwanzoni majibu yalipendeza. Baadaye fosfeti ya kutokea ikawa inapanda, hadi ikakaribia ile ya kuingia. Nikaosha chupa upya, nikabadilisha dawa za kupimia, nikarudia. Ni yaleyale. Kokoto zilikuwa zimeshiba, haziinasi fosfeti tena. Kila nikipeleka taarifa, mkuu wangu wa kazi alisema, "Pima tena." Nikawa natembea na ndoo yangu juani kama mtu aliyepewa adhabu.

Chini ya bomba la kutolea maji ya bwawa, mama mmoja mjane alikuwa na migomba iliyostawi ajabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umenyong'onyea? Maji yamesemaje leo?"

Nikamweleza: kinachonipa shida mimi, hiyo fosfeti, ndicho kinacholisha migomba yake. Kikifika mikokoni, uoto wa majini unazidi, samaki wanakosa hewa. Dawa yake ni kubadilisha kokoto, na wakati wa matengenezo maji yatafungwa.

Akaniangalia. "Sasa unaniambia nifurahi au nilie?"

Nikainama kuchota chupa yangu ya pili.

Hatimaye mkuu akakubali, kokoto zikabadilishwa, tena wakati wa kiangazi. Mafundi walichelewa, maji yakakaa yamefungwa muda mrefu. Nilipopita, migomba ilikuwa imejikunja majani, mingine imelala chini. Nikaomba maji ya bomba chuoni, nikamwagilia niliyoweza hadi mgongo ukagoma. Mama alisaidia. Mingi ilikufa.

Bwawa lilipofunguliwa fosfeti ilishuka vizuri. Ofisini wakanipongeza, wakapiga na picha. Siku iliyofuata nikamkuta mama akichomeka vijiti vya mihogo palipokuwa na migomba.

"Muhogo hauhitaji maji yako," alisema, bila hasira. Kisha akanionyesha mkungu mmoja wa ndizi uliosalimika. "Chukua nusu. Nawe umehangaika."

Nikapokea. Nikakaa kwenye ukingo wa bwawa, chupa zangu bado tupu, ndizi mapajani.