Daftari la Mlangoni

Maktaba ile ilinuka nta ya sakafu na karatasi zilizowahi kunyeshewa, na harufu hiyo kwa muda mrefu niliijua kutoka ngazini tu. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Nilikuwa darasa la saba, katika shule ya Katwe yenye kitabu kimoja cha sayansi ambacho mwalimu alikaa nacho mwenyewe. Alituambia anayetaka kupita mtihani aende maktaba ya mjini, kusoma ni bure. Wenzangu walikwenda. Mimi nilifika ngazini Jumamosi tatu mfululizo, nikageuka. Mama aliponiuliza nimesoma nini, nilijibu mmeng'enyo wa chakula.

Kilichonigeuza ni daftari. Mlangoni alikaa mlinzi mzee mwenye koti la jeshi lililong'olewa vifungo, na kila aliyeingia aliandika jina mbele yake. Baba yangu, fundi mabati aliyetoka Kisumu kutafuta kazi, aliandikwa hivyo hivyo kwenye kizuizi cha barabarani wakati wa vita, akaambiwa asubiri kando. Hatukumwona tena. Tangu hapo mama alitufunza kwamba mtu akikuuliza jina kwa Kiswahili, lugha ya askari kwetu, huku kashika kalamu, mpe lolote ila lako. Sikulia siku ile wala baadaye. Nililishika somo hilo kama nilivyoshika hesabu za mara saba.

Jumamosi ya nne nilipanda. "Wewe mutoto, andika jina na shure, kisha ingia," mlinzi alisema, kwa upole kabisa. Niliandika Nakato, jina la Kiganda la binti wa jirani. Nikasoma mpaka saa kumi, nikarudi wiki baada ya wiki, hadi mkutubi, mama mnene mcheshi, akanizoea. Alinisemesha Kiganda nami nikamjibu Kiganda. Siku moja akanipa kadi ya kuazimia vitabu, niipeleke kwa mwalimu agonge muhuri. Ilikuwa imeandikwa Nakato kwa mwandiko mzuri sana. Mwalimu asingegonga muhuri kwenye jina lisilo la mwanafunzi wake, na kumweleza mkutubi ukweli kulimaanisha kuandikwa upya, safari hii kwa jina langu. Niliitupa kadi mtaroni, sikurudi tena.

Nilifeli, na shule yangu ikaishia hapo. Jioni ya matokeo mama alikuwa akipepeta mchele. Nilimsimulia yote, akaniuliza jambo moja tu.

"Jina lako hawana?"

"Hawana."

"Basi sawa," akasema, akaendelea kupepeta.

Leo binti yangu anasoma chuo kikuu. Kitambulisho chake, chenye picha na jina kamili, hukivaa shingoni hata tukienda sokoni Bukoto. Namwambia akifiche, ananicheka. Najua hicho kicheko kisicho na hofu ndicho mama alichokuwa akikitafuta, nami husimama pale na nyanya zangu mkononi, nikisubiri kufurahi.