Phinées na Sanduku Lenye Kupumua

Mutu wa Butembo ukimuambia kama joto inaweza kuua mashine, atakucheka tu. Kule kwao asubuhi batu banavaa makoti, maji ya kunawa inauma vidole. Lakini Phinées alikuwa anakaa Beni, kule chini ku joto, na kazi yake ilikuwa kukausha kakao mu depo ya mufanyabiashara mumoja. Mutu wa kakao anajua hewa. Kakao ukiirundika mbichi na kuifunika, inapata moto yenyewe, inaoza, na hakuna mununuzi atakuangalia tena. Muweke hilo mu kichwa mbele sijaendelea, juu kuko batu wenye banasema Phinées alikosa sababu hakujua. Hapana! Alijua.

Alikuwa anajijengea mashine ya michezo, kipande kwa kipande, kama mutu mwenye anajenga nyumba. Vyombo vya ndani alishapata. Kilibaki boîtier, ile sanduku ya chuma yenye kila kitu kinakaa ndani yake. Akapanda Butembo, ku kibanda cha Falonne, binti mwenye alikuwa anauza vyombo vya mashine vyenye vinapitia Kasindi, ku mupaka wa Uganda.

Falonne alikuwa na boîtier mbili. Ya kwanza ilikuwa na kioo mbele, na taa zenye zilikuwa zinageuka rangi, nyekundu, buluu, kijani, mupaka macho ikachoka kwa raha. Ya pili ilikuwa nyeusi tu, sura yake mbele ni wavu, kama chekeche ya unga. Sasa wewe uliza Phinées alienda ku gani. Alienda ku kioo mbiombio, akaanza kuipapasa.

«Acha ile,» Falonne akasema.

«Juu ya nini, dada Falonne? Si njo muzuri?»

«Muzuri ya nini? Weka mukono hapa mbele. Kioo tupu. Hewa itapitia wapi? Mutu wa hapa nitamuuzia, baridi yetu itamusaidia. Mais wewe unakaa Beni, ndugu Phinées. Utapika mashine kama ndizi.»

Akawasha ventilateur, feni za ile nyeusi, akachukua uzi, akausogeza mbele ya wavu. Uzi ukavutwa ndani. Akausogeza juu, fasi sanduku lilikuwa na matundu mengi, uzi ukarushwa.

«Unaona? Baridi inaingia huku mbele, moto inapanda, inatokea huku juu. Moto siku zote inapandaka. Donc huku juu usiweke kitu. Hata kikombe, hata simu.»

«Sitaweka.»

«Sema tena.»

Phinées akacheka, akasema tena, akabeba sanduku lake baya ya sura akarudi nalo Beni.

Na kwa kweli lile sanduku lilifanya kazi. Alipanga vyombo vyake ndani kwa uvumilivu, akawasha, akacheza mupira wa mashine mupaka mukono ukachoka, na ventilateur zilikuwa zinanong'ona tu. Batu ba chorale ya kanisa, wenye alikuwa anaimba nao, bakaanza kuja kila Yenga, siku ya Mungu, kisha ibada. Mumoja wao, Lusenge, alikuwa anajitayarisha kufungua sale ya michezo, fasi batu banalipa kucheza, karibu na soko. Akazunguka lile sanduku, akaweka mukono juu, akasikia hewa inatoka, akasema, «Huyu Falonne ananifaa. Boîtier zangu zote nitachukua kwake.» Kwa Falonne, komande ya vile ilikuwa njia ya kutoka mu kile kibanda cha mbao chenye kilikuwa kinavuja, na kuingia mu duka ya ukweli. Alipiga simu kushukuru Phinées, akasema Mungu amubariki na nyumba yake yote.

Basi. Kisha hapo mama mukwe akafika.

Mama Kyakimwa, mama ya muke wake Christa, alitoka kule Kasugho kuja kuona mujukuu. Alifika na pikipiki, vumbi mupaka ku kope, na maharagwe, na jogoo mwenye alikuwa bado anabishana, na kitu kimoja kimekunjwa muzuri mu karatasi. Ilikuwa kitambaa cha kufuma na krosheti, cheupe, kikubwa, maua pande zote. Kwetu, salon yenye haina vitambaa ni salon iko uchi. Kitambaa kinakaa ku kiti, ku radio, ku televizyo, hata termosi inavalishwa. Na kile Mama Kyakimwa alikifuma musimu muzima wa mvua, na jicho moja lenye linatoa machozi, akakiloweka mu maji ya muhogo, akakipiga pasi mupaka kikawa kigumu kama kartoni.

«Mukwe wangu,» akasema, «nilisikia umejenga kitu kikubwa mu nyumba. Kitu kikubwa hakikai uchi.»

Mukwe hakatae zawadi ya mama mukwe. Hata mutoto anajua. Mukwe anasimama, anapokea na mikono mbili, anainamisha kichwa. Phinées alifanya vyote hivyo, na angeishia hapo, ingekuwa muzuri. Lakini midomo yetu, ee! Akashukuru kwa Kinande, akaongeza, «Wasingya, mama. Hii itakaa fasi ya kwanza mu nyumba.» Halafu na mikono yake mwenyewe, mbele ya batu bote, akaitandika juu ya sanduku, ikakunjwa mara mbili sababu ilikuwa kubwa, matundu yote chini yake. Mama akapiga vigelegele.

Mu chumba, Christa akamuuliza, «Si ulisema juu hapana kitu?»

«Ni uzi tu. Iko na matundu.»

«Matundu gani, na ile muhogo yote mama aliweka?»

«Basi wewe njo mutoto yake, muambie.»

«Mimi? Ni mimi nilisema fasi ya kwanza?»

Bakaachia hapo. Na msifikiri Phinées hakuona. Mama akienda kisimani, anakimbia anatoa kitambaa, na ventilateur zinatulia palepale. Akisikia miguu ya mama ku mulango, anarudisha kitambaa, ananyoosha maua, anakaa chini kama mutu wa heri. Mutu mukubwa, baba ya mutoto, anacheza kujificha na kitambaa mu nyumba yake mwenyewe!

Yenga moja batu ba chorale bakajaa salon. Mama Kyakimwa alikuwa ku kiti, mutoto ku magoti. Phinées alikuwa anacheza na Lusenge, bote bamechemka, na mashine nayo imechemka, ventilateur zinalia kama pikipiki yenye inapanda kilima. Phinées akakaribia goli. Puu! Picha ikapotea, ekra nyeusi.

Batu bakacheka mupaka bakashika tumbo. Akawasha tena. Mechi haikufika mbali, puu, nyeusi tena. Sasa Lusenge alikuwa hacheke.

«Mon vieux, hii njo boîtier yenye nataka kununua?»

Phinées akaangalia sanduku. Akaona kile kitambaa cheupe na maua yake. Akaangalia mama mukwe, na mama mukwe akamuchekea, cheko ya mutu mwenye anafurahi tu kuwa mu nyumba ya mutoto wake. Neno lilikuwa fupi: kitambaa. Likafika ku ulimi, akalimeza.

«Ni boîtier,» akasema. «Falonne alinidanganya. Haipitishi hewa.»

Alisikia sauti yake inasema, akatamani kuirudisha. Lakini neno likitoka limetoka. Lusenge alichukua simu palepale, akaambia Falonne aache ile komande. Mumoja akasema batu ba biashara ya Butembo njo vile banafanyaka, mwingine akasema atamuambia ndugu yake asinunue kule, na Phinées akaitika na kichwa. Aliitika! Mimi njo kitu chenye sijamusamehe. Kusema ni haraka, kunaweza kukuponyoka. Lakini kuitika, mutu anafanya akijua.

Kesho yake Falonne akamupigia ku depo. Hakulia, hakutukana. Ingekuwa afazali angetukana.

«Ndugu Phinées, juu umeweka kitu?»

«Hapana.»

«Hakuna kitu hata kidogo?»

«Dada, nimekuambia hapana.»

Falonne akasema, «Muzuri. Nakuja mwenyewe niione. Lusenge naye akuje.»

Hapo Phinées alisikia haya yenye hakujua kama iko mu dunia. Haya ya kukamatwa ni kitu kingine, ile inakuja kutoka inje. Hii ilikuwa imeota ndani, inakula naye, inalala naye. Ungefikiri itamusukuma aseme kweli. Ilimusukuma ku kabati. Asubuhi yenye Falonne alikuwa anashuka, Phinées alingoja mama mukwe aingie jikoni, akatoa kitambaa, akakikunja, akakificha chini ya nguo za baridi. Akili yake ilikuwa hii: mashine itafanya kazi muzuri, atasema labda ni courant, umeme tu, Falonne atapata komande yake, mama atabaki na furaha yake, na hakuna mutu atajua. Mwaona akili ya muongo vile inapanga kila mutu fasi yake.

Falonne akafika na vumbi ya barabara ku nguo, mukoba ku mabega. Lusenge akaja. Mashine ikawashwa, Lusenge akacheza, akacheza tena. Ventilateur zikanong'ona. Falonne akaweka mukono juu ya sanduku, akaungoja pale.

«Iko baridi,» akasema. «Basi ilikuwa nini?»

«Labda ni courant,» Phinées akasema, akiangalia waya.

Lusenge akatikisa kichwa. «Juzi inazima, leo hapana kuzima. Mimi siwezi kuweka franga yangu ku kitu cha kubahatisha. Unisamehe, dada.»

Falonne akasema, «Naelewa,» na akaanza kufunga mukoba wake. Mikono yake haikuwa inapata kishikizo. Phinées aliiona ile mikono. Na hata hapo, mwenzenu, alinyamaza.

Ni hapo Mama Kyakimwa alitoka jikoni kualika bageni ku meza. Macho yake ikaenda ku mashine, ikasimama.

«Mukwe wangu, kitambaa kiko wapi?»

Falonne akaacha mukoba wake.

«Kitambaa gani, mama?» Falonne akauliza polepole.

«Ile nilifuma. Inakaaka pale juu tangu siku nilifika. Hata ile Yenga, batu balikuwa banacheza, ilikuwa pale.»

Falonne akaangalia Phinées. Hakumuangalia na hasira. Alimuangalia tu, mutu mwenye anaona sasa kitu chenye alikuwa anatafuta. Lusenge akaweka mikono ku kichwa.

«Ilifanya mubaya?» mama akauliza. «Ile kitambaa, iliharibu mashine?»

Sasa sikilizeni. Falonne, mwenye jina lake lilichafuliwa, mwenye duka lake lilikuwa linamuponyoka mu mikono, aliangalia yule mama na jicho lake lenye machozi. Akainamisha kichwa.

«Hapana, mama,» akasema. «Haikufanya kitu.»

Ile ilimupasua Phinées. Angeweza kuvumilia matusi, angeweza kuvumilia Lusenge amufukuze mu chorale. Lakini kuona huyu binti anabeba uongo wake, anaubeba na heshima yote, juu ya mama mwenye si hata wake, ilikuwa kupita nguvu. Akatamani udongo upasuke.

«Anakudanganya, mama,» akasema. «Ni kitambaa. Ilifunika fasi moto inatokea. Nilijua tangu siku ya kwanza. Falonne alinikataza kuweka kitu juu, mimi nikaweka, halafu nikasema boîtier ni mubaya. Leo nimeficha kitambaa ku kabati. Boîtier ni muzuri.»

Mutoto akalia kidogo mu chumba, Christa akamubembeleza.

«Juu ya nini hukuniambia?» Mama Kyakimwa akauliza.

«Niliogopa kukupatisha haya, mama. Ni heshima.»

«Heshima.» Mama akarudilia lile neno. «Ungesema, mama, toa, ningetoa, tungeiweka ku radio. Ni uzi. Unafikiri mimi ningekufa? Ulinihesabu mutu mwenye haelewi kitu, Phinées. Ukaona afazali kuua jina la mutoto wa batu kuliko kusema na mimi neno moja.»

Alikuwa hajawahi kumuita jina. Ilikuwa siku zote mukwe wangu, mukwe wangu.

Halafu yule mama akageukia Falonne, akashika magoti yake mwenyewe, akaanza kushuka chini. Falonne akaruka, akamushika mabega, «Hapana, mama, hapana, si wewe!» Lakini mama alishafika chini, magoti ku simenti. Akaomba samahani kwa Kinande, luga ya kwao, neno kwa neno, taratibu, vile mutu anaombea mutoto wake wa tumbo. Na Phinées alikuwa amesimama pale, mikono inaning'inia, hata kupiga magoti pembeni yake hakuweza, juu hakuona kama anastahili.

Lusenge njo alimuinua mama. «Komande inabaki,» akaambia Falonne. Kisha akageukia Phinées. «Na wewe, Yenga hii utasema mbele ya chorale yote, vile umesema hapa. Si mimi nitakusemea.»

«Nitasema.»

Bakaenda ku meza, juu chakula kilikuwa kimeiva na bageni hawarudishwe na njaa. Mama Kyakimwa akachukua bakuli na mutungi wa maji, akanawisha Falonne, akanawisha Lusenge. Akafika kwa Phinées. Alifikiri atapita. Hakupita. Akamungojea anyooshe mikono, akamumwangia maji taratibu, ile maji ileile ya bageni, mupaka povu yote ya sabuni ikaisha, na Phinées hakuweza kuinua macho.